TV mpya picha ipo sauti hakuna: uzi wa kero za TV janja na kustrimu nyumbani

#1 (mleta mada)

Wakuu heshima kwenu. Kuna swali linaulizwa kila kukicha na majibu yake yanatoka nusu nusu. TV mpya, kubwa, imetoka dukani Kariakoo stika bado ziko kwenye kioo, unachomeka flashi, filamu inafunguka, picha safi kabisa, sauti hakuna. Unaongeza mpaka 100, hakuna. Chini inapita sentensi moja kwamba kodeki (njia ya kubana) ya sauti haitumiki, inakaa kidogo inapotea, basi, hakuna cha kubonyeza wala maelezo, umeachwa unaangalia watu wanapanua midomo. Anaitwa fundi, fundi anasema spika zimekufa, anataka hela ya kufungua TV. Spika hazijafa wakuu, msikubali TV ifunguliwe.

Iko hivi. Faili la filamu la aina ya MKV ni mfuko tu, ndani kuna picha kivyake, sauti kivyake na maandishi ya chini kivyake, na kila kimoja kimebanwa kwa njia yake. Picha mara nyingi imebanwa kwa njia ya H.264 ya mwaka 2003 au HEVC ya mwaka 2013, hizo karibu TV zote za sasa zinasoma. Mgogoro uko kwenye sauti. Filamu nyingi zilizotoka kwenye Blu-ray zina sauti iliyobanwa kwa njia ya DTS, na DTS ina mwenyewe, mtengenezaji wa TV akitaka kuiweka analipia leseni. Samsung waliitoa kuanzia TV za mwaka 2018, LG nao wakaitoa mwaka 2020 halafu wakairudisha kwenye baadhi ya TV za mwaka 2023. Ndo maana unakuta TV ya zamani ya mjomba inacheza filamu ileile bila shida, hii yako ya bei mbaya iko kimya, na kwenye boksi hakuna mahali wameandika kuna kitu kimepunguzwa.

Kinachoniuma sio leseni, biashara ni biashara. Kinachoniuma ni kwamba programu ya TV inajua kabisa tatizo ni nini, imesoma faili, imeona DTS, ikaamua kumwambia mwenye TV sentensi ambayo mtu wa kawaida hawezi kuifanyia chochote. Ingeshindwa nini kusema "filamu hii ina sauti ya aina ya DTS ambayo TV hii haina, jaribu faili lingine"? Mtu angeokoa hela ya fundi.

Halafu kuna ule ukurasa wa mwanzo. Mama akija kutoka Korogwe anataka vitu viwili tu, taarifa ya habari ya saa mbili na tamthilia yake. Nilimuonyesha: bonyeza nyumbani, nenda kulia mara mbili, bonyeza kati. Akashika vizuri sana. Usiku TV ikajipa apdeti yenyewe, asubuhi mstari wa programu umehamia chini, juu limekaa tangazo kubwa la filamu ambayo hatujaiomba, ukisogea tu linaanza kupiga kelele lenyewe. Mama akaniambia TV imeharibika. Na ana haki ya kusema hivyo, kitu alichokuwa anakiweza jana leo hakiwezi, na hakuna aliyemuuliza.

Msimamo wangu naomba tuujadili: TV inunuliwe kwa ajili ya kioo chake. Akili yote iwekwe pembeni kwenye kiboksi kinachochomekwa HDMI, kikizeeka unabadilisha kiboksi, kioo kinaendelea miaka kumi. Waifai ya TV yenyewe izimwe kabisa, isipewe paswadi. Kiboksi chenye programu ya kuchezea video kama Kodi au VLC kinaifungua DTS chenyewe na kuipelekea TV sauti ya kawaida ambayo TV yoyote inaipiga.

Naomba kuwasilisha, wenye uzoefu mwageni vitu.

#2

Naweka kambi hapa. Kumbe ndo maana! Mimi nilishauza diski ya eksteno nzima ya filamu nikijua imekufa aisee, aliyenunua anazicheza kwake mpaka leo.

#3

Mkuu nakuheshimu ila hapo kwenye kiboksi sikubaliani na wewe. Unasema unamrahisishia mama, halafu unamuongezea rimoti ya pili. Sasa hivi anashika rimoti moja amekwama, ukimpa mbili itakuwaje? Ya TV anawashia, ya kiboksi anachagulia, sauti aongeze kwa ipi, na akibonyeza kimakosa TV ikahamia HDMI 2 anaona kioo cheusi kimeandikwa hakuna mawimbi, hapo atakupigia simu uko kazini. Mimi nina wazazi wote wawili nyumbani, haya mambo nayaishi. Kwangu TV yenye kila kitu ndani na mbaya yake bado ni bora kuliko vifaa vitatu na waya.

#4 (mleta mada)

Mkuu wa #3 hoja yako ni nzito na sitaki kuipita juujuu. Rimoti mbili ni kweli ni mateso. Ila dawa ipo na karibu TV zote zinayo, inaitwa HDMI-CEC, kazi yake ni kufanya kifaa na TV vipashane habari kupitia waya uleule wa HDMI. Ikiwa imewashwa, ukibonyeza nyumbani kwenye rimoti ya kiboksi TV inawaka yenyewe, inahamia HDMI sahihi yenyewe, na sauti unaongeza kwa rimoti hiyohiyo. Ya TV unaificha kabatini.

Kwanini watu hawaijui? Kwa sababu hakuna anayeiita kwa jina lake! Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita SimpLink, Sony wanaiita Bravia Sync, na wanaifukia ndani ya menyu ya mipangilio ya nje huko ambako mtu haendi. Kitu kimoja, majina matatu. Mtu anauliza "CEC iko wapi" anatafuta menyu nzima haoni neno hilo. Nenda kaangalie kwenye TV yako, ukiikuta imezimwa iwashe, halafu uje uniambie wazee wameionaje.

#5

Wakuu mimi kero yangu ni mpira. Dabi ya Kariakoo naangalia kwa intaneti, jirani ana king'amuzi cha dishi. Mtaa mzima unalipuka goooli, kwangu mpira bado uko katikati ya uwanja. Nimebadilisha bando, nimebadilisha ruta, nimehamisha TV karibu na ruta, wapi. Hivi tatizo ni kasi ya mtandao au nini? Maana nikipima kasi naona iko vizuri.

#6

Mkuu wa #5 acha kuchoma hela, sio kasi. Nimefanya kazi kidogo na haya mambo ya video ngoja nikueleze.

Mechi ya intaneti inakatwa vipande vipande kabla haijakufikia. Njia inayotumika sana ni HLS, ya Apple, ilitoka mwaka 2009. Kamera inanasa, picha inabanwa, inakatwa kipande cha sekunde kadhaa, kinapandishwa kwenye seva, TV yako inakuja kukichukua. Apple wanapendekeza kipande kiwe sekunde 6, na programu inayocheza video inatakiwa ianze nyuma kwa vipande vitatu hivi ili intaneti ikiyumba isikwame. Tatu mara sita ni sekunde 18, na hapo hujajumlisha muda wa kubana na kusafirisha. Kwa hiyo hata ukiwa na faiba ya kutisha nusu dakika inaweza kwenda hivihivi. Dishi nalo lina kuchelewa kwake ila ni kwa sekunde chache tu.

Zipo njia mpya za kupunguza hivyo vipande ila anayeamua ni mwenye huduma, wewe na ruta yako hamna la kufanya. Kitu kimoja unachoweza: ukishawahi kusimamisha video hata mara moja, au ikikwama ikaendelea, utakuwa umebaki nyuma zaidi. Tafuta kitufe cha kurudi moja kwa moja, au toka kwenye mechi uingie upya. Na ukitaka kushangilia na mtaa, dabi iangalie kwa king'amuzi. Nakuambia kwa moyo mmoja, kwa mpira dishi bado halijapata mpinzani.

#7

Niaje wazee, mimi niko Nakuru. Hizo boksi za TV zinauzwa bei rahisi zimeandikwa 8K na GB kibao, zikiwa na chaneli zote za bure ndani tayari, naweza chukua moja niitumie kama mleta mada anavyosema? Ama ni zile zile?

#8 (mleta mada)

Ndugu wa Nakuru asante kwa hili swali maana nilitakiwa niliseme mwanzoni kabisa. HAPANA, hizo ziache kama zilivyo dukani.

Mwezi Januari 2023 mtafiti mmoja alitangaza kwamba boksi aina ya T95 aliyoinunua mtandaoni ilikuja na virusi ndani kabla hata hajaiwasha. Baadaye mwaka huohuo wataalamu wa usalama wakatoa taarifa kwamba sio moja, ni mtandao mzima, wakaupa jina BADBOX. Juni 2025 FBI wakatoa onyo kwa watu wa kawaida kuhusu toleo la pili lake, na Julai Google wakaenda mahakamani New York wakisema vifaa vilivyoambukizwa vimezidi milioni 10. Kazi ya hivyo virusi ni kutumia intaneti yako, watu wanapita kwenye laini yako kufanya utapeli, na bando lako linaisha hujui limeenda wapi.

Zinazoumia ni zile za Android ya bure tu isiyothibitishwa. Kwa hiyo angalia iwe Android TV au Google TV yenye uthibitisho: ukifungua duka la Play, kwenye mipangilio yake ya kuhusu, itakuandikia kama kifaa kimethibitishwa. Ikikuambia uzime ulinzi wa Play ndo uweze kuangalia chaneli za bure, ichomoe palepale.

#9

Jamani na mimi nichangie, mimi ni mama wa watoto watatu sio mtu wa kompyuta. Kero yangu ni picha. Tuliponunua TV kubwa kila filamu ikawa inaonekana kama tamthilia za mchana, watu wanateleza, haina ule uzito wa sinema. Mume wangu anasema ndo ubora, mimi macho yanauma. Nani yuko sahihi?

#10

Dada yangu uko sahihi wewe, shemeji mpe pole. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde. TV inajibunia picha za katikati na kuzichomeka ili mwendo uwe laini, ndo hiyo kuteleza unayoiona. Desemba 2018 Tom Cruise na muongozaji Christopher McQuarrie walirekodi video kabisa kuwaomba watu wakaizime, na mwaka 2019 muungano wa UHD Alliance ukatangaza mpangilio unaoitwa Filmmaker Mode ambao unazima hayo yote kwa kitufe kimoja. Ikiwa TV yako haina huo, ingia mipangilio ya picha, tafuta kitu chenye neno Motion, weka sifuri. Kwa mpira unaweza kuiacha, kwa filamu zima. Na hapa ndo nampa mkono mleta mada, kwanini kitu ambacho watu wa sinema wenyewe wanakilalamikia kinatoka kiwandani kikiwa kimewashwa?

#11

Assalaam alaykum. Niko Maskati, wazee wako Unguja, nyumbani kuna kompyuta ina video zote za familia, harusi, maulidi, hitima, picha za marehemu babu akisoma. Nilikuwa nazitazama kutoka huku kwa Plex, programu ya kutazama video za kompyuta yako kwenye kifaa kingine, bila malipo, kisha ikanikatalia inataka nilipie. Nifanyeje? Na Jellyfin, programu nyingine ya kazi hiyohiyo niliyoambiwa niweke, inafunguka pale nyumbani tu, nikiwa huku haifiki.

#12

Waalaykum salaam ndugu yangu. Ya Plex ni kweli, kuanzia tarehe 29 Aprili 2025 kutazama video zako mwenyewe ukiwa nje ya nyumba ni lazima mwenye seva awe na Plex Pass, usajili wao wa kulipia, au wewe utoe malipo ya mwezi ya kutazama kwa mbali. Siku hiyohiyo na Plex Pass ya maisha, ile ya kulipa mara moja, ikapanda kutoka dola 119.99 mpaka 249.99. Mimi iliniuma sana kwa sababu video ni zako, kompyuta ni yako, umeme wa nyumbani ni wako.

Jellyfin ni ya bure kweli, ilizaliwa Desemba 2018 pale wenzao wa Emby, programu ilikotoka, walipofunga msimbo wao. Kutofika Maskati sio kosa lake. Laini nyingi za nyumbani, hasa hizi za ruta za 4G na 5G, hazikupi anwani yako peke yako, mnagawana wateja wengi anwani moja, kwa hiyo ukibisha hodi kutoka nje ruta haijui umfungulie nani. Weka Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako vilivyo mbali, kwenye kompyuta ya Unguja na kwenye kifaa chako cha Maskati, ingia kwa akaunti moja, vitaonana kana kwamba viko chumba kimoja. Kwa matumizi ya familia ni bure. Halafu ndani ya Jellyfin punguza kiwango mpaka megabiti 3 au 4 kwa sekunde, kwa sababu kinachokubana ni kasi ya kupandisha kule Unguja, sio ya kushusha huku ulipo.

Tahadhari moja: Tailscale inakaa kwenye simu, kompyuta na viboksi vya Android TV. TV zenye mfumo wa LG au wa Samsung huiweki. Utahitaji kiboksi.

#13 (mleta mada)

Na hapo mkuu wa #12 umenisaidia kusema nilichotaka kusema. TV iliyofungwa ukiikuta na hitaji jipya, imefika mwisho. Kiboksi unaongeza.

Ila nisiwadanganye kwamba viboksi ni vitakatifu. Machi 2025 Chromecast, vile vidude vya Google vya kurushia video kwenye TV, za kizazi cha pili, zile za mwaka 2015, zilikataa kazi dunia nzima siku moja, mtu anataka kurusha video anaambiwa kifaa hakiaminiki. Kumbe cheti cha kidijitali kilichokuwa ndani kilikuwa cha miaka 10 na muda wake umeisha. Google wakawaomba watu wasizirudishe kwenye mipangilio ya kiwandani, wakatuma marekebisho baada ya siku chache. Kifaa kizima, hakijaanguka, hakijaungua, kinazimwa na tarehe. Sasa fikiria ingekuwa imetokea ndani ya TV ya mtengenezaji ambaye TV za miaka ile keshazisahau.

#14

Nimerudi mimi wa #3. Nimeikuta ile CEC, ilikuwa imezimwa. Nimeiwasha, baba kawasha kwa rimoti moja na kaongeza sauti mwenyewe. Kwa hilo nakubali. Ila bado nasema hii kazi isingetakiwa kufanywa na mimi mtoto wa nyumba, ilitakiwa TV yenyewe siku ya kwanza iulize "umechomeka kiboksi, nikiunganishe na rimoti?" Ndio au hapana, imeisha. Badala yake siku ya kwanza iliniuliza makubaliano kurasa kwa kurasa, na nikaandika paswadi kwa kutembeza mshale herufi moja moja, ikakosea, nikaanza upya.

#15

Hayo makubaliano msiyapitishe tu wakuu. Moja wapo linaruhusu TV itambue kila unachokitazama, hata cha kwenye flashi, na kukituma kwao. Februari 2017 kampuni ya Vizio huko Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kwa kukusanya habari hizo kwenye TV milioni 11 bila ridhaa ya wenyewe. Likiwa na alama ya hiari, toa tiki, TV itafanya kazi vilevile.

#16

Swali la bando, mimi natumia bando la GB. Filamu moja inakula kiasi gani?

#17

Kwa Netflix wenyewe wanasema ni hadi GB 0.7 kwa saa kwa picha ya kawaida, GB 3 kwa HD na GB 7 kwa 4K. TV ikiona mtandao mzuri inapanda yenyewe bila kukuuliza. Sehemu ya kuizuia haipo kwenye TV, fungua akaunti yako kwa kivinjari cha simu, ingia kwenye wasifu, mipangilio ya uchezaji, chagua kiwango cha chini au cha kati. Wameificha mno ila ukishaiweka inakaa.

#18

Mleta mada tumalizie ya DTS. Mimi sina hela ya kiboksi mwezi huu, nina folda la filamu zote hazina sauti na laptopu ya zamani. Kuna njia?

#19 (mleta mada)

Ipo mkuu na laptopu ya zamani inatosha, kwa sababu hatugusi picha, tunabadilisha sauti tu kuwa AC3 ambayo karibu TV zote zinaisoma. Weka FFmpeg, programu ya bure ya kubadilisha faili za video na sauti. Ndani ya folda la filamu tengeneza folda jingine uliite mpya, fungua dirisha la amri la Windows humohumo, andika:

for %i in (*.mkv) do ffmpeg -i "%i" -map 0 -c copy -c:a ac3 -b:a 640k "mpya\%i"

Iache ifanye kazi, filamu moja ni suala la dakika. Maandishi ya chini yanabaki palepale. Mambo ya kuangalia: diski iwe na nafasi ya kutosha maana unatengeneza nakala, usifute za zamani mpaka umesikiliza mpya kwenye TV, na flashi utakayohamishia isiwe imefomatiwa kwa FAT32, ile haipokei faili linalozidi GB 4, iwe exFAT au NTFS kutegemea TV yako inasoma ipi. Kama faili lina sauti ya njia 8 na FFmpeg ikagoma, ongeza -ac 6 kabla ya jina la mwisho.

Ukikwama bandika hapa ile mistari ya mwisho inayotoka, nitaiangalia usiku nikirudi.